Boksi la Viatu na Karatasi Tupu: Shajara ya Mradi wa Muhula Mmoja

Jumatatu, 4 Novemba 2024. Siku ya 1

Mradi huu umezaliwa na sapu. Nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya kilimo katika chuo kimoja hapa Morogoro, nilifeli Biokemia, nikaurudia mtihani Septemba wakati wenzangu wako makwao, na nikapata C, ambayo kwa utaratibu wetu ndiyo alama ya juu kabisa anayopewa aliyerudia, hata akijibu kila swali sawasawa. Alama yenyewe haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba somo hilo ndilo nililolisoma kuliko mengine yote. Nilikuwa na madesa yake kamili, yaani nukuu za mihadhara, nimeyapiga mistari ya njano na ya kijani, nimeyapitia mara nne au tano, na usiku wa kuamkia mtihani nilikesha nayo hadi adhana ya alfajiri. Swali la kwanza lilitaka tuchore mzunguko wa Krebs, yaani mfululizo wa hatua za kikemia ambazo seli huzitumia kupata nguvu kutoka kwenye chakula. Niliuona ukurasa wa desa machoni pangu, nikaiona hata ile rangi ya kijani, lakini maneno yaliyokuwa chini ya rangi hayakuja.

Kwa hiyo muhula huu sitafanya mradi wa kusoma zaidi, kwa kuwa kusoma zaidi nimekwisha kukujaribu. Nitajaribu kubadili tabia chache za kila siku na kuandika kila kinachotokea, kizuri na kibaya, katika kauntabuku ya kurasa 192 niliyoinunua stendi ya Msamvu. Nimechagua tabia nne tu. Ya kwanza ni kuandika kila jioni, kwenye karatasi tupu, yale ninayoyakumbuka kutoka mihadhara ya siku hiyo kabla sijafungua daftari. Ya pili ni kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi na moja na nusu. Ya tatu ni kuifungia simu kabatini ninaposoma. Ya nne inahusu bumu, yaani fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi, na nitaieleza likiingia.

Nimejiwekea pia muda wa kupima. Wahamasishaji wetu hupenda kusema kwamba tabia hujengeka kwa siku 21, lakini utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010, uliwafuatilia watu 96 wakijifunza tabia mpya ndogondogo, na wastani wa siku zilizohitajika hadi tabia ijiendeshe yenyewe ulikuwa 66. Wengine walikadiriwa kuhitaji 18 tu, na wengine 254. Siku yangu ya 66 itakuwa tarehe 8 Januari. Nimeizungushia duara.

Jumapili, 10 Novemba. Siku ya 7

Karatasi tupu ni kitu cha kikatili. Jumanne jioni nilikaa mezani baada ya mhadhara wa saa mbili kuhusu vimeng'enya, nikaandika kichwa cha habari, nikapiga mstari chini yake kwa rula, na baada ya hapo nikawa natazama ukuta. Zilipita kama dakika kumi. Nilichokuja kukiandika kilitosha mistari sita, na miwili kati ya hiyo ilikuwa mizaha ya mwalimu. Nilipofungua daftari nikakuta kurasa tano nilizoziandika kwa mkono wangu mwenyewe asubuhi ileile.

Mwenzangu wa kitanda cha juu, ambaye anatoka Kigoma na hana tabia ya kuficha maoni yake, aliiangalia karatasi ile akaniambia, "Kaka, mbona kama hukuwapo?" Nilikasirika kidogo, kisha nikaona kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Ningefungua daftari kwanza, kila kitu kingeonekana kama ninakijua, kwa sababu macho huyatambua maneno yaliyokwisha kuyaona, nasi huchukulia kutambua huko kuwa ndiko kujua. Tofauti yake ni kama ya kumtambua mtu ukikutana naye sokoni na kuweza kumchora akiwa hayupo.

Jambo hili lina ushahidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo walipewa kifungu cha kusoma. Kundi moja lilikisoma kwa vipindi vinne mfululizo. Jingine lilikisoma kwa kipindi kimoja, kisha likatakiwa kukiandika mara tatu bila kukitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliorudia kusoma walikumbuka kama asilimia 40, na waliojipima kama asilimia 61. Nimeyanakili matokeo haya ndani ya jalada la kauntabuku, kwa sababu yanaeleza kwa nini usiku wa kuamkia mtihani nilijiona bingwa.

Wiki hii nimefanya karatasi tupu siku nne kati ya tano. Ijumaa nilisingizia mvua.

Jumapili, 17 Novemba. Siku ya 14

Simu. Nilidhani hapa ndipo patakuwa pagumu, na ndivyo ilivyokuwa, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Kuifungia kabatini si tatizo. Tatizo ni ufunguo, ambao niliuweka mfukoni na kuutumia mara saba katika saa moja, kila mara kwa sababu iliyoonekana ya maana, kama kuangalia saa au kutafuta maana ya neno. Tangu Alhamisi ufunguo anakaa nao mwenzangu wa Kigoma. Saa nimenunua ya mkononi, ya shilingi elfu tano, na maneno nisiyoyajua nayaandika pembeni ili niyatafute yote kwa pamoja baadaye. Mengi kati ya hayo, nikifika mwisho wa ukurasa, huwa yamekwisha kujieleza.

Usingizi umekuwa mgumu zaidi. Tuko wanne chumbani, na wawili hununua bando la usiku, ambalo bei yake ni nafuu kwa kuwa linaanza watu wakiwa wamelala, kwa hiyo filamu hupakuliwa na kutazamwa kati ya saa sita na saa tisa. Sina haki ya kuwazima. Nimeweka pamba masikioni na khanga ya mama usoni, na nimeacha vinywaji vya kuongeza nguvu baada ya saa nane mchana, maana kafeini hupungua kwa nusu tu katika saa tano hivi, na ile ya jioni hunifuata kitandani. Kuamka hakunisumbui. Mwenzangu wa Kigoma hushuka kwenda msikitini alfajiri, na kitanda chetu cha chuma hulia kama mlango wa ghala. Mlio huo ndio kengele yangu, na ni bora kuliko ya simu kwa sababu hauzimiki kwa kidole.

Jumatano, 27 Novemba. Siku ya 24

Leo ni siku ya mapumziko kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa, hakuna mihadhara, nami nimeutumia mchana kutengeneza kifaa.

Tatizo lililojitokeza ni kwamba karatasi tupu ya jioni hunisaidia na mhadhara wa leo, lakini ule wa wiki mbili zilizopita unayeyuka. Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliliona jambo hili tangu 1885, alipojipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuhesabu jinsi zinavyompotea: nyingi hupotea mapema, kisha kasi hupungua, na kila anaporudia baada ya muda kupita huhitaji juhudi ndogo zaidi. Mwaka 1972 mwandishi Sebastian Leitner alieneza, katika nchi zinazosema Kijerumani, namna rahisi ya kuitumia hali hiyo kwa kadi na boksi lenye vyumba.

Boksi langu ni la viatu, na lilikuwa limebaki chini ya kitanda tangu mahafali ya kidato cha sita. Nimeligawa vyumba vitano kwa vipande vya boksi jingine. Kadi nimezikata kutoka karatasi za manila, kadi 32 kwa kila karatasi moja. Upande mmoja huwa na swali, upande wa pili jibu. Kadi mpya hukaa chumba cha kwanza na hupitiwa kila siku. Nikijibu sawasawa inahamia cha pili, ambacho hufunguliwa kila baada ya siku mbili, kisha cha tatu kwa siku nne, cha nne kwa wiki, na cha tano kwa wiki mbili. Nikikosea, hata kama kadi ilikuwa chumba cha tano, inarudi cha kwanza. Hapo ndipo roho huuma, lakini ndipo pia boksi linapofanya kazi yake.

Nimejifunza jambo moja mapema. Kadi yangu ya kwanza iliuliza, "Eleza mzunguko wa Krebs." Hiyo haikuwa kadi, ulikuwa mtihani mzima. Nimeichana, na mahali pake nimeandika kumi na nne ndogo: sitreti hugeuka kuwa nini? Kabonidayoksaidi hutoka katika hatua zipi mbili? Kila mzunguko hutoa NADH ngapi? Nilipoanza kuuliza kwa namna hii nikagundua kwamba sikuwa na tatizo na mzunguko wote, kama nilivyokuwa nikilalamika mwaka mzima. Nilikuwa na tatizo na hatua mbili, kutoka isositreti kwenda alfa-ketoglutareti na kutoka hapo kwenda saksinili-KoA, ambazo ndizo kaboni inapotoka, na nilikuwa nazichanganya kila mara. Mwaka mzima wa hofu kwa ajili ya hatua mbili.

Jumapili, 1 Desemba. Siku ya 28

Bumu limeingia. Kiwango cha kujikimu, ambacho mwaka 2022 kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, kwa siku 60 hufanya 600,000, na kila mwanafunzi wa Tanzania anajua jinsi wiki ya kwanza ya bumu inavyofanana na sikukuu na wiki ya saba inavyofanana na mfungo. Mwaka jana nilinunua viatu vya kuchezea mpira na spika, na kufikia siku ya 40 nilikuwa nikila kwa kuandikwa katika daftari la mama ntilie. Ninaweka jambo hili katika mradi wa masomo kwa sababu nimepekua kumbukumbu zangu na kuona kwamba mihadhara mingi niliyoikosa ilikuwa ya siku ambazo sikuwa na hela ya chai, au nilikuwa nimemkwepa mtu anayenidai.

Mpango ni huu. Nimebaki na 70,000 za wiki ya kwanza na 40,000 za fotokopi, manila na dharura, na 490,000 zilizobaki nimemtumia dada yangu Mbagala, ambaye atanirudishia 70,000 kila Jumatatu kwa wiki saba. Jumla inatosha siku 56, kwa hiyo siku nne za mwisho bado zina kiza. Kuna pia makato ya kutuma na ya kutoa, ambayo si madogo ukiyajumlisha, na mwenzangu mmoja aliniuliza kwa nini nisifungue tu akaunti ya benki ya kujiwekea. Jibu ni kwamba benki haitaniuliza, "Mdogo wangu, hizi za ziada unazitakia nini?" Dada atauliza, na ataongeza maneno.

Jumapili, 8 Desemba. Siku ya 35

Nitaandika kwa kirefu leo, kwa kuwa wiki hii imenionyesha jambo ambalo halikuwa hata katika mpango.

Kikundi chetu cha majadiliano, ambacho hapa kila mtu hukiita diskasheni, kina watu sita na hukutana Jumamosi asubuhi chini ya mwembe nyuma ya bweni. Mwaka jana tulikuwa tunafanya kama vikundi vingine vyote: mmoja aliyeelewa anasoma desa kwa sauti, wengine tunatikisa vichwa, kisha tunagawana maswali ya mitihani ya miaka ya nyuma na majibu yake. Tulitoka pale tumeridhika. Sapu tulipata watatu.

Jana nilipendekeza kanuni mbili. Anayeeleza hatashika karatasi yoyote, na ataeleza kwa Kiswahili. Ya kwanza ilipita; ya pili ilizua ubishi. Mwenzetu mmoja alisema, na hoja yake ina uzito, kwamba mtihani wetu ni wa Kiingereza na kwa hiyo tunapoteza muda. Nilimjibu kwamba Kiingereza ndicho kinachotuficha. Mtu anaweza kutamka sentensi nzima ya desa kwa Kiingereza kizuri bila kujua inasema nini, kwa kuwa sentensi imekuja imefungwa kama kifurushi, naye anakikabidhi kwa mwenzake bila kukifungua. Ukimtaka aiseme kwa lugha anayogombana na kuombea nayo, lazima akifungue.

Zamu ya kwanza ikawa yangu, na swali likawa hili: mzunguko wa Krebs hautumii oksijeni mahali popote, sasa kwa nini oksijeni ikikosekana mzunguko husimama? Mwaka jana nililijua jibu kwa Kiingereza, neno kwa neno. Jana nilianza, nikakwama, nikaanza tena, nikasema "elektroni zinapokelewa," nikaulizwa na nani, nikanyamaza. Ndipo mwenzetu wa Kigoma alipoonyesha kwa kidevu foleni ya ndoo kwenye bomba la bweni. Alisema NAD, molekuli inayobeba elektroni, ni zile ndoo. Mzunguko ni bomba, nao huzijaza. Ndoo iliyojaa hupelekwa juu kumwagwa kwenye tangi, kisha hurudi tupu kukinga tena. Oksijeni ndiyo inayoliweka tangi wazi kwa kuupokea mzigo wa mwisho. "Sasa tangi likigoma, ndoo zote zimejaa na hakuna pa kumwaga, bomba litakinga nini? Si maji yapo, ndoo tupu ndiyo hamna."

Hakuna aliyeongea kwa muda. Mfano wake una kasoro, kwa sababu kinachobebwa ni elektroni na wala si kitu kinachohifadhiwa tangini, na tulizijadili kasoro hizo kwa nusu saa nzima. Lakini kuzitafuta kasoro za mfano ndiko kulikotufundisha zaidi. Mwisho kila mmoja aliandika jibu lake kwa Kiingereza, dakika tano, bila kutazama popote, tukabadilishana karatasi na kusahihishana. Kwa mara ya kwanza majibu sita hayakufanana maneno, na matano yalikuwa sahihi.

Kanuni ya pili imebaki, pamoja na nyongeza ya yule aliyepinga: kila kipindi kimalizike kwa maandishi ya Kiingereza. Yuko sahihi.

Alhamisi, 19 Desemba. Siku ya 46

Matokeo ya jaribio la kwanza la Biokemia ya mwaka huu: 14 kati ya 20. Katika lile la mwaka jana nilipata 6. La Takwimu: 8 kati ya 20, na sielewi kwa nini, maana Takwimu nazo ziko kwenye boksi. Nitalirudia jambo hili.

Kesho ninapanda treni ya SGR kwenda nyumbani kwa mapumziko mafupi ya Krismasi. Nauli 13,000. Boksi la viatu ninalo.

Ijumaa, 3 Januari 2025. Siku ya 61

Safu za siku kumi na tatu ni tupu. Sikuandika karatasi hata moja, na boksi lilifunguliwa mara mbili, mara moja kati ya hizo na mpwa wangu wa miaka minne, aliyezipanga upya kadi kwa kufuata rangi ya wino.

Siku za kwanza nilijilaumu kwa uvivu. Halafu nikajaribu kuliangalia jambo kama linavyoangaliwa shamba ambalo mbegu haikuota, na nikaona kwamba vitu vyote vilivyokuwa vinaniamsha na kunikalisha mezani havikuwapo. Hakuna kitanda cha chuma kinacholia, hakuna meza, hakuna saa ya kutoka mhadhara wa mwisho na kupita maktaba. Niliwahi kukaa ukumbini na kadi zangu jioni moja, mama akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, umekuja kutuona au umekuja kusoma?" Alikuwa na haki yake. Nilizifunika.

Hoja ninayoiandika kutokana na hili ni kwamba tabia zangu hazikai ndani yangu kama nilivyodhani. Nusu yake inakaa bwenini. Mwanafunzi anayesema "nikifika nyumbani nitasoma kwa utulivu" anajidanganya kwa namna ileile niliyojidanganya mimi na rangi ya kijani. Likizo ijayo sitapanga kitu chochote cha jioni. Nitapanga kadi kumi asubuhi baada ya chai, kabla nyumba haijachangamka, na zikishindikana basi.

Jumatano, 8 Januari. Siku ya 66

Siku iliyozungushiwa duara. Nimepima hivi: je, nikiacha jambo fulani nahisi nimesahau kitu, kama mtu aliyetoka bila ufunguo? Kwa simu kabatini, ndiyo. Kwa karatasi tupu, ndiyo, na nilirudi kwayo siku ileile niliyoshuka Morogoro. Kwa kulala saa tano, hapana. Bado kila usiku ni mapambano. Kwa bumu sina cha kujipima, kwa sababu tabia hiyo haikuwa yangu, ilikuwa ya dada.

Jumapili, 26 Januari. Siku ya 84

Nimelielewa tatizo la Takwimu, lakini sikulielewa peke yangu. Kwa majuma manne nilikuwa nikizunguka mlango wa ofisi ya mwalimu wetu kama paka wa jikoni. Ratiba yake ya kuonana na wanafunzi imebandikwa mlangoni tangu Novemba, Jumanne saa nane hadi saa kumi, na nilipoingia hatimaye nilikuta nimekuwa mwanafunzi wa tatu tu kufika muhula huu, katika darasa la watu zaidi ya mia mbili. Kwetu kwenda ofisini kwa mwalimu huonekana kama kuitwa na mwalimu mkuu: mtu huenda akiwa na kosa au akiwa na shida ya alama.

Nilimwonyesha kadi zangu. Alizipitia taratibu, akazirudisha, akasema, "Hizi zote zinauliza kanuni ni ipi. Mtihani wangu unauliza utumie ipi." Aliniambia niache kadi kwa somo lake na badala yake nifanye maswali ya majaribio mbalimbali yaliyochanganywa bila mpangilio, ili kabla ya kukokotoa nilazimike kwanza kuamua ni swali la aina gani. Nilikuwa nafanya maswali kumi ya aina moja mfululizo, na kufikia la tatu mkono ulikuwa unaenda wenyewe. Dakika kumi na tano ofisini zimenipa kilichonipita kwa wiki kumi na mbili. Ningeanza upya, hii ndiyo ingekuwa tabia ya kwanza.

Mwalimu wa Biokemia naye nilimfuata, safari hii bila kuzunguka. Aliniambia jambo la kunifariji: mwaka 1937 Hans Krebs alipopeleka taarifa fupi ya mzunguko wake kwa jarida la Nature alirudishiwa, akaichapisha kwingine, na mwaka 1953 akapata Tuzo ya Nobeli.

Jumapili, 16 Februari. Siku ya 105

Mihadhara imekwisha. Hesabu ya kauntabuku: karatasi tupu 51, kadi 412, diskasheni 10. Usiku niliolala kabla ya saa sita ni 58, pungufu sana ya nilivyopanga. Siku nne za kiza za bumu zilikuja kama nilivyohofia, nikazipita kwa ugali na mlenda wa mwenzetu wa Kigoma; nimekwisha kuzirudisha fadhila kwa dagaa.

Jumatatu, 3 Machi. Katikati ya mitihani

Ramadhani imeanza, na chumba kimebadilika. Wawili wanaamka saa kumi usiku kula daku, na kujaribu kuendelea kulala ni kazi bure, kwa hiyo tangu jana nimehamisha ratiba: nalala saa tatu na nusu, naamka nao, nafanya kadi kwa mwanga wa taa yao. Nimeshangaa jinsi usingizi ulivyokubali mara moja baada ya kunigomea miezi mitatu. Huenda kosa lilikuwa kupigana na chumba badala ya kukifuata.

Biokemia ilikuwa leo asubuhi. Jana usiku, mara ya kwanza tangu nifike chuo, sikukesha. Si kwa ujasiri. Kadi zilikuwa zimebaki kumi na tisa tu ambazo hazijafika chumba cha nne, nikazimaliza saa mbili usiku na kukosa cha kufanya. Swali la tatu liliuliza kuhusu oksijeni na mzunguko. Niliziona ndoo.

Ijumaa, 25 Aprili. Matokeo

Biokemia B+. Takwimu C, ambayo kwa aliyeanza na 8 kati ya 20 si haba, ingawa najua ingekuwa B kama ningeingia ule mlango Novemba. Fiziolojia ya Mimea A. Udongo B. Uchumi wa Kilimo, ambao sikuufanyia karatasi tupu hata moja kwa kuwa niliuona mwepesi, umeniletea C. Diskasheni yetu ya watu sita imepata sapu moja, na mwenye sapu ametuomba tuendelee kukutana naye Agosti.

Jana kijana wa mwaka wa kwanza alibisha hodi chumbani kwetu. Amesikia nina "nondo za Biokemia" ndani ya boksi na akaomba azipige picha kwa simu, zote 412. Nilimpa boksi tupu, karatasi mbili za manila na mkasi, nikamwonyesha jinsi ya kukata. Aliondoka hajafurahi, ila mkasi hajaurudisha mpaka leo.